Pumzi, Hofu na Saa ya Dawa: Kukabili Shida ya Kupumua na Wasiwasi kwa Wagonjwa wa Parkinson

Utangulizi

Huenda msomaji akashangaa kukutana na makala ya maradhi katika kurasa ambazo aghalabu hushughulikia fasihi, isimu na ufundishaji wa lugha. Mshangao huo una msingi. Hata hivyo, yapo maradhi ambayo matibabu yake hutegemea sana uwezo wa mgonjwa wa kueleza anachokihisi, na saa anapokihisi. Maradhi ya Parkinson ni mojawapo ya hayo. Daktari anaweza kuutazama mkono unaotetemeka akajua unatetemeka. Lakini hofu iliyomshika mgonjwa alfajiri, au kifua kilichombana kabla ya chakula cha mchana, hayupo wa kuviona ila mwenyewe. Asipopata maneno ya kuvisema, havitibiwi.

Makala hii inakusudia kueleza mambo matatu. Kwanza, kwa nini mtu anayetumia dawa za Parkinson aweza kupatwa na shida ya kupumua na wasiwasi. Pili, jinsi anavyoweza kuikabili hali hiyo yeye pamoja na jamaa zake. Tatu, nafasi ya lugha, na hasa lugha yetu ya Kiswahili, katika jambo hilo.

Nitaanza na kisa cha nyumbani. Mjomba wangu ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili aliyeshika chaki kwa zaidi ya miaka thelathini. Alipogunduliwa kuwa na Parkinson alipewa dawa, na kwa miaka kadhaa dawa hizo zilimrejeshea sehemu kubwa ya maisha yake: alifunga vifungo vya shati mwenyewe, aliandika barua, alitembea hadi sokoni. Kisha likazuka jambo jipya. Kila siku, bila ya kukimbia wala kubeba mzigo, alihisi pumzi zikimwishia. Moyo ulimwenda mbio, jasho likamtoka, akawa na yakini kwamba anakufa. Baada ya muda hali hiyo ilitulia, kisha ikarudi tena jioni. Siku moja aliniita akaniambia, "Mpwa wangu, vidonge hivi ndivyo vinavyoninyonga. Nimeviacha."

Siku ya kwanza baada ya kuviacha alikuwa mgumu kama gogo. Siku ya tatu alipandwa na homa kali, fahamu zikaanza kumpotea, tukamkimbiza hospitalini. Huko tulielezwa kwamba kilichomfikisha hapo si vidonge, bali kuviacha ghafla. Alipona kwa tabu. Yanayofuata katika makala hii ni mambo ambayo lau tungalijua mapema, safari hiyo ya usiku isingalikuwapo.

Maradhi ya Parkinson na dawa yake

Mnamo mwaka wa 1817, daktari mmoja wa London, James Parkinson, alichapisha insha fupi iliyowaeleza wagonjwa sita waliotetemeka, waliotembea wakiwa wameinama mbele, na ambao nguvu za misuli yao zilipungua. Baadaye katika karne hiyo, tabibu Mfaransa Jean-Martin Charcot ndiye aliyeupa ugonjwa huo jina la Parkinson. Leo, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, makadirio ya mwaka wa 2019 yalionyesha kwamba watu zaidi ya milioni 8.5 ulimwenguni walikuwa wakiishi na maradhi haya.

Chanzo chake kimo ubongoni. Zipo seli katika ubongo zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini, ambayo husaidia kuongoza mijongeo ya mwili. Katika Parkinson, seli hizo hufa polepole. Dopamini inapopungua, mwili huanza kutetemeka, kukakamaa na kupunguza kasi. Sauti hufifia, uso hukosa bashasha na mwandiko huwa mdogo. Lakini dopamini haiongozi misuli pekee. Inahusika pia na hisia, hamu na utulivu wa nafsi. Ndiyo maana wasiwasi si tabia mbaya ya mgonjwa wala upungufu wa imani. Ni sehemu ya maradhi yenyewe, na takriban mgonjwa mmoja kati ya kila watatu huwa nao. Kwa baadhi yao wasiwasi huo hutangulia hata kutetemeka.

Dawa kuu ya maradhi haya ni levodopa. Ubongo huigeuza levodopa kuwa dopamini. Msingi wa ugunduzi huu uliwekwa katika miaka ya 1950 na mwanasayansi wa Uswidi, Arvid Carlsson, aliyekuja kutunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2000. Mwaka wa 1961, Walther Birkmayer na Oleh Hornykiewicz waliwapa wagonjwa wa Vienna dawa hiyo kwa sindano, na mwaka wa 1967 George Cotzias akaonyesha kwamba ikimezwa kwa kuongezwa kidogo kidogo huleta nafuu ya kudumu. Siku hizi levodopa huchanganywa katika kidonge kimoja na kabidopa au benserazidi, ambazo huizuia isigeuke kuwa dopamini kabla ya kufika ubongoni, na hivyo kupunguza kichefuchefu.

Msomaji wa Kiswahili atavutiwa kujua kwamba mbegu za upupu, mmea ule ule ambao vinyweleo vyake humwasha mtu hata akakosa amani, zina levodopa ya asili. Hata hivyo, mgonjwa asikimbilie kuzisaga na kuzinywa. Kiasi cha dawa kilichomo katika mbegu hutofautiana, na mtu anayetumia vidonge akiongeza upupu juu yake atakuwa ameongeza kipimo bila ya kujua ameongeza kiasi gani.

Dawa yenye saa

Jambo la msingi kabisa katika makala hii ni kwamba levodopa haikai sana mwilini. Kiasi chake katika damu hupungua kwa nusu katika muda wa takriban saa moja hadi saa moja na nusu. Katika miaka ya mwanzo ya maradhi mgonjwa haoni athari ya jambo hili, kwa kuwa seli zilizobaki ubongoni huhifadhi dopamini na kuitoa kadiri inavyohitajika. Seli hizo zinapozidi kupungua, ghala hilo nalo hupungua. Hapo mgonjwa huanza kuishi kwa kutegemea kidonge hadi kidonge. Dawa inapofanya kazi, mwili hufunguka; inapoisha, mwili hufunga.

Kufunga huku hakuhusu mikono na miguu tu. Kupumua pia ni kazi ya misuli. Misuli iliyo baina ya mbavu, pamoja na msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, hukakamaa kama misuli mingine. Kifua kilichokakamaa hakipanuki vizuri, na mgonjwa huhisi kana kwamba amefungwa mkanda. Wakati uo huo dopamini inayopungua huamsha wasiwasi. Hivyo, shida ya pumzi na hofu huweza kufika pamoja, mara nyingi muda mfupi kabla ya kidonge kinachofuata.

Ipo pia hali ya pili iliyo kinyume na hiyo. Kwa baadhi ya wagonjwa ambao wametumia levodopa kwa miaka mingi, dawa inapofikia kilele chake mwili huanza kujipinda na kujisukasuka bila hiari. Mijongeo hiyo ikiingia katika misuli ya kupumua, pumzi huwa za haraka, fupi na zisizo na mpangilio. Mgonjwa atasema vilevile, "Siwezi kupumua." Maneno ni yale yale, lakini sababu ni nyingine kabisa. Mgonjwa wa kwanza huenda akahitaji dawa yake isogezwe karibu zaidi. Wa pili huenda akahitaji kipimo kipunguzwe. Kinachowatofautisha ni saa. Yule hubanwa dawa inapoisha. Huyu hubanwa dawa inapopamba moto.

Fauka ya hayo, hofu na pumzi huchocheana. Mtu aliyeingiwa na hofu hupumua haraka na juu juu. Kupumua hivyo hupunguza kupita kiasi hewa ya kaboni dioksidi katika damu, na matokeo yake ni kizunguzungu, ganzi vidoleni na midomoni, na kifua kuzidi kubana. Dalili hizo humwogofya zaidi, naye akazidi kuhema.

Yasiyopaswa kudhaniwa

Ni kosa kubwa kudhani kwamba kila shida ya kupumua ya mgonjwa wa Parkinson inatokana na Parkinson. Wagonjwa wengi ni wazee, na wazee hupatwa na maradhi ya moyo, upungufu wa damu, pumu na kuganda kwa damu mapafuni kama watu wengine. Isitoshe, Parkinson hudhoofisha umezaji. Chakula au mate yakiingia njia ya hewa, mgonjwa aweza kupata nimonia, na nimonia ya aina hii ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya wagonjwa hawa. Kwa hivyo hatua ya kwanza ni uchunguzi wa daktari: moyo usikilizwe, mapafu yaangaliwe, damu ipimwe. Baada ya hayo ndipo saa za dawa zichunguzwe.

Zipo dalili ambazo hazingojei miadi. Mgonjwa apelekwe hospitalini mara moja iwapo ana maumivu ya kifua, midomo imegeuka rangi, anashindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, ana homa na kikohozi, mguu mmoja umevimba, amezirai, au fahamu zimeanza kumchanganyika.

Dawa nyingine nazo hazina budi kuangaliwa. Dawa kongwe za jamii ya bromokriptini, kabagolini na pegolidi zaweza, kwa baadhi ya watu, kusababisha makovu katika mapafu au vali za moyo. Pegolidi iliondolewa katika soko la Marekani mwaka wa 2007. Propranololi, ambayo wengine hupewa kwa ajili ya kutetemeka, yaweza kumbana pumzi mtu mwenye pumu. Metoklopramaidi, ambayo hutolewa mara kwa mara kwa kutapika, na haloperidoli, ambayo hutolewa kwa mtu aliyechanganyikiwa, huzuia dopamini isifanye kazi na huweza kumzidishia mgonjwa ukakamavu. Dawa za kutuliza wasiwasi za jamii ya diazepamu huleta usingizi na kuanguka, na zaweza kupunguza nguvu za kupumua. Jamaa wa mgonjwa aingiapo katika duka la dawa au chumba cha daktari mgeni, neno lake la kwanza liwe: "Huyu ana Parkinson, na dawa anazotumia ni hizi."

Lililo kubwa kuliko yote ni hili: levodopa haiachwi ghafla. Kuikatiza huweza kuleta ukakamavu mkali, homa, kuchanganyikiwa na hata mauti. Mgonjwa akiona dawa inamdhuru, aende nayo kwa daktari akiwa bado anaitumia. Aidha, akilazwa hospitalini kwa sababu nyingine yoyote, jamaa wahakikishe kwamba anapewa vidonge vyake kwa saa zake, si kwa saa za wodi.

Daftari la mjomba

Baada ya mjomba kurejea nyumbani, muuguzi mmoja alimpa shauri ambalo kwa mwalimu halikuwa gumu: anunue daftari, aandike. Kila siku aandike saa aliyomeza dawa, saa aliyokula na alichokula, saa pumzi ziliposhikana, muda hali hiyo ilivyodumu, na jinsi alivyokuwa: mkakamavu, au mwenye kujipinda.

Baada ya wiki mbili tulirudi kliniki. Daktari, aliyekuwa kijana na msomi wa Kiingereza, alilifungua daftari na kusoma: "Dawa saa 1. Kubanwa saa 5 na nusu. Dawa saa 7. Kubanwa saa 11 na nusu. Dawa saa 1." Alikunja uso. Aliona mtu anayemeza kidonge saa saba za alfajiri na kubanwa saa tano na nusu alfajiri iyo hiyo, na hesabu ikakataa kukubaliana. Mjomba akacheka kwa mara ya kwanza katika miezi mingi. "Daktari," akasema, "hiyo ni saa ya Kiswahili. Saa saba ni mchana, jua likiwa utosini."

Alipoisoma upya, mambo yakabainika. Kidonge cha saa moja asubuhi kilikuwa kikiisha nguvu baada ya takriban saa nne na nusu. Kilichobaki hadi saa saba mchana kilikuwa ni pengo, na ndani ya pengo hilo ndimo mlimokuwa na hofu na pumzi zilizokatika. Alasiri ilikuwa vivyo hivyo. Jambo jingine likajitokeza: kidonge cha mchana alikimeza pamoja na chakula, na chakula chenyewe mara nyingi kilikuwa maharagwe au nyama. Protini hushindana na levodopa katika njia ya kufyonzwa kutoka utumboni na kuingia ubongoni. Ndiyo maana wagonjwa wengi hushauriwa kumeza dawa takriban nusu saa kabla ya kula, au saa moja au zaidi baada ya kula.

Daktari hakuongeza aina mpya ya dawa. Aligawanya upya kipimo, vidonge vikawa vya saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane na saa kumi na mbili jioni, mbali na mlo. Sitadai kwamba mjomba alipona. Parkinson haina tiba ya kuiondoa. Lakini zile hofu za kila siku zikawa za mara moja moja, na alijua zinakotoka.

Nataja kisa cha saa kwa makusudi. Kwenye bahasha ya dawa huandikwa "1 x 3", nayo mkalimani wake husema "kimoja mara tatu kwa siku." Kwa mwananchi wa kawaida, mara tatu kwa siku ni chai ya asubuhi, chakula cha mchana na chajio. Kwa levodopa tafsiri hiyo haitoshi, na wakati mwingine inadhuru. Afadhali bahasha iandikwe "saa 12 asubuhi, saa 4 asubuhi, saa 8 mchana, saa 12 jioni", kwa kuwa neno asubuhi, mchana au jioni likiambatana na saa huondoa utata wote. Atakayeandika daftari kwa ajili ya daktari afanye vivyo hivyo.

Mbinu za kukabili pumzi na hofu

Hata saa za dawa zikirekebishwa, zipo siku hali itarudi. Zifuatazo ni mbinu ambazo mgonjwa, akishachunguzwa na daktari, anaweza kuzifanyia mazoezi akiwa ametulia ili zimfae atakapobanwa.

Kwanza, akae. Aketi kitini, aegemee mbele kidogo, aweke viwiko juu ya meza au mapaja. Mkao huu hukipa kifua nafasi na kuizuia hatari ya kuanguka.

Pili, aanze kwa kutoa pumzi, si kwa kuvuta. Mtu aliyebanwa hupigania kuvuta hewa juu ya hewa iliyokwisha kumjaa. Kiswahili kimekuwa na busara hii tangu zamani: mtu aliyepata faraja husemwa kuwa ameshusha pumzi. Basi na aishushe, polepole, midomo ikiwa imebinywa kama apulizaye uji wa moto.

Tatu, avute kwa pua huku akihesabu moja, mbili. Kisha atoe kwa mdomo akihesabu moja hadi nne. Kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Mkono mmoja aweke juu ya tumbo, ausikie ukiinuka na kushuka. Asijilazimishe, akiona kizunguzungu, apumzike.

Nne, aseme na nafsi yake kwa ukweli. Si kusema "sina kitu", bali: "Hali hii naifahamu. Jana ilikuja saa kama hii, ikapita. Dawa yangu ni saa nane." Saa iliyo daftarini huipunguzia hofu nguvu, kwa maana hofu hukua pale mtu asipojua mwisho wake.

Tano, atumie sauti. Wataalamu wa tiba ya usemi huwahimiza wagonjwa wa Parkinson kusema kwa sauti kubwa; njia mojawapo mashuhuri, inayobeba jina la Lee Silverman, mwanamke wa Marekani aliyekuwa na maradhi haya, imetumiwa tangu miaka ya 1980. Kuimba nako hufunza kupima pumzi. Mjomba aliigeukia taaluma yake. Kila asubuhi, dawa ikiwa imeshika, yeye hughani mashairi. Mshororo wa shairi la tarbia kwa kawaida una mizani kumi na sita: nane za ukwapi na nane za utao. Hupumua mwanzo wa kipande, akakighani hadi mwisho wake, akatua, akavuta pumzi, akaingia kipande cha pili. Siku akiwa na nguvu hujaribu mshororo mzima kwa pumzi moja. Hilo si badala ya tiba ya mtaalamu. Lakini ni zoezi lisilogharimu chochote, nalo humrudishia hadhi ya mwalimu.

Sita, wasiwasi unaoendelea hata dawa ikiwa inafanya kazi hauna budi kutibiwa kwa jina lake. Upo ushauri nasaha, ipo tiba ya mazungumzo inayomfunza mtu kuyachunguza mawazo yake, na zipo dawa za kupunguza sonona na wasiwasi ambazo daktari huchagua kwa uangalifu, kwani baadhi yake hazipatani na dawa za Parkinson kama vile selejilini. Mazoezi ya viungo, hata kutembea tu kila siku, husaidia pia.

Ama kwa jamaa wa mgonjwa, mambo ni machache. Wasimzingire. Wafungue dirisha. Wasimwambie "tulia" wala "ni mawazo tu", kwa kuwa hajiamulii. Wamwulize maswali ya kujibika kwa kutikisa kichwa. Mmoja akae mbele yake, apumue polepole ili mgonjwa amfuate.

Nafasi ya mwanafunzi wa Kiswahili

Madaktari hulalamika kwamba wagonjwa husema "nina wasiwasi" au "kifua kinanisumbua", basi. Je, lugha yetu ni maskini? La hasha. Tazama pumzi peke yake. Anayetweta ni yule aliyetoka mbio. Anayehema huvuta pumzi za haraka. Anayekorota hutoa sauti usingizini. Aliyepaliwa ameingiwa na kitu njia ya hewa. Aliyebanwa na kifua anahisi uzito. Aliyeishiwa na pumzi hana nguvu ya kumaliza sentensi. Kwa daktari wa Parkinson, kila kitenzi kati ya hivyo huelekeza mahali tofauti: kupaliwa huelekeza kwenye umezaji, kubanwa kwenye ukakamavu, kuhema kwenye hofu au mijongeo isiyo ya hiari.

Na hofu pia. Wasiwasi ni wa kudumu, mchecheto ni wa mtu asiyeweza kutulia mahali pamoja, kiherehere cha moyo ni mapigo ya haraka, fadhaa ni mchafuko wa akili, na kihoro huambatana na majonzi. Mjomba alipoandika "mchecheto" badala ya "wasiwasi", muuguzi alimwuliza maana yake, kisha akamwuliza kama miguu ndiyo isiyotulia au moyo. Swali hilo lisingaliulizwa lau neno lingalikuwa lile la kila siku.

Upungufu, basi, haumo katika lugha bali katika matumizi yake. Kijitabu cha maelezo ya dawa huja kwa Kiingereza. Mgonjwa hueleza kwa lugha ya mama, jamaa akatafsiri kwa Kiswahili, na daktari akaandika kwa Kiingereza. Katika kila daraja kitu huanguka mtoni. Uchunguzi wa nyumba kwa nyumba uliofanywa katika miaka ya 2000 wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, ulibaini kwamba wengi wa waliokutwa na Parkinson hawakuwa wamewahi kutambuliwa kuwa nayo. Watu hao walikuwa wakitetemeka mbele ya macho ya jamii nzima. Walikosa dawa, na walikosa pia jina la kilichowasibu. Na pasipo jina, nafasi yake huchukuliwa na uzee, au na tuhuma za kurogwa.

Hapa ndipo pana kazi kwa wanachama wa vyama vyetu. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu ya tafsiri aweza kutafsiri maelezo ya dawa moja na kuyajaribu kwa wagonjwa. Anayesomea leksikografia aweza kukusanya vitenzi vya pumzi na nomino za hofu, na kuvifafanua kwa msaada wa wauguzi. Anayesomea fasihi aweza kumtembelea mzee mmoja, akaghani naye mashairi.

Hitimisho

Makala hii imejaribu kuonyesha kwamba shida ya kupumua na wasiwasi kwa mtu anayetumia dawa za Parkinson mara nyingi hufuata saa ya dawa. Kwamba ni lazima kwanza moyo na mapafu vichunguzwe. Kwamba dawa haiachwi ghafla. Na kwamba daftari lenye saa zisizo na utata na maneno yaliyopimwa laweza kumpa daktari njia ambayo macho yake hayawezi kuiona. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Mjomba hakuyaficha maradhi yake. Ila kwa muda mrefu hakuyapatia maneno, na kasoro ni hiyo tu iliyokaribia kumwondoa duniani.

Ningali nalo daftari lake la kwanza. Ukurasa wa mwisho una mistari miwili, kwa mwandiko mdogo wa mtu mwenye Parkinson: "Dawa saa 8 mchana. Pumzi zimeshuka."